Mlango wa Malkia

Mtaani pale hakuna mwanamke aliyewagombanisha watu na waume zao kama Malkia, na wala hakuwahi kumpokonya mtu mume. Kosa lake lilikuwa kufunguliwa mlango wa gari.

Kila aliporudi matembezini na mumewe, gari likishasimama mbele ya nyumba, yeye alibaki amekaa. Mumewe, aliyeitwa Dereva na wakubwa kwa wadogo, alishuka, akazunguka mbele ya gari huku akifuta vumbi la boneti kwa kiganja, akachomeka ufunguo upande wa abiria, akamfungulia. Malkia naye akashuka taratibu, mguu mmoja, kisha mwingine, kama anayekanyaga zulia. Vibarazani watu waliacha kuchambua mchele.

"Unaona wenzio?" Mama Redio alimwambia mumewe Kinyozi, kwa sauti ya kusikika mpaka nyumba ya tano, maana hakuwa na sauti nyingine. "Unaona mke anavyotunzwa?"

"Mimi nina baiskeli," akajibu Kinyozi. "Nikufungulie nini, kengele?"

Jina la Malkia likaanzia hapo, nalo likamkaa kama nguo ya kushonewa. Mwenyewe akanyamaza. Hakumwambia mtu kwamba ile swichi ya milango, iliyo kwenye mkono wa mlango wa dereva, ilikuwa inafunga tu, kufungua haitaki. Kwamba kile kijiti cha kunyanyua kwa mkono upande wa abiria kilikatika zamani. Kwamba kioo cha upande huo hakishuki. Mtu akikaa pale na mlango ukafungwa, hatoki mpaka atolewe. Angesema ili iweje? Sifa ukipewa bure, huirudishi dukani.

Kisha Dereva akaenda ng'ambo kuendesha mashine za kupakulia makontena, akamwachia mkewe gari na mama yake. Malkia akahamia kwenye usukani. Kwenye kiti cha abiria akahamia mama mkwe, Bimkubwa, mwanamke wa maneno machache na magoti mabovu. Sasa Malkia ndiye aliyezunguka na ufunguo kumfungulia mwenzake, na vibarazani hakuna aliyeshtuka, kwa sababu mkwe kumfungulia mama mkwe mlango ni wajibu, si mapenzi.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka siku ya duka la dawa.

Walikuwa wametoka hospitali, Bimkubwa amepimwa presha na kuandikiwa vidonge vingine. Jua lilikuwa limesimama juu ya vichwa. Malkia akaegesha pembeni.

"Nashuka mara moja tu, mama. Nachukua dawa narudi."

"Usikae kupiga soga na huyo muuza dawa. Nakujua."

Kwa haraka akaacha ufunguo pale pale unapowashiwa. Wakati wa kushuka, kiwiko chake kikaigonga swichi. Kacha! Milango yote minne ikajifunga, na yeye keshausukuma wa kwake kwa kiuno, kama kawaida ya mtu mwenye mkoba mkononi. Alipogeuka, alimwona Bimkubwa nyuma ya kioo akimwangalia kwa utulivu, akidhani mwenzake amesahau pochi.

Watu hawachelewi. Kufumba na kufumbua gari lilikuwa limezungukwa.

"Bibi! Nyanyua kile kijiti cha upande wa dereva!"

"Upande wa dereva, bibi! Kule!"

"Hasikii. Mwonyesheni kwa vidole."

Wakamwonyesha kwa vidole. Bimkubwa akaona vidole kumi na tano vinamnyooshea, asisikie neno, akadhani anasutwa. Akajitazama nguo. Akajaribu kuuvuta mlango wa kwake, ukagoma. Akajaribu kuinuka ajipenyeze kuelekea upande wa pili, magoti yakakataa pale pale kwenye gia. Akarudi kukaa. Jasho likaanza kumtiririka kwenye mashavu. Mmoja kati ya wale wenye huruma ya haraka akaja na jiwe.

"Vunja!"

"Usivunje, vioo vitamrukia machoni!"

"Sasa afie humo?"

Malkia alisimama kati ya jiwe na kioo, mikono ameitandaza kama kuku anayelinda vifaranga, huku mwingine, aliyekuwa hana jiwe wala huruma, akipiga picha kwa simu. Aliyewaokoa alikuwa mlinzi wa duka la jirani, mtu wa makamo aliyefika na waya wa kuanikia nguo, akaupenyeza kwenye mpira wa kioo, akavua na kuvua kama anayevua samaki, mpaka kijiti kikanyanyuka. Watu wakapiga makofi. Wengine wakaondoka wamevunjika moyo.

Malkia alipoingia kumkumbatia mama mkwe, ndipo alipoona kwamba nguo ya mzee imelowa, na si kwa jasho. Bila kusema kitu alivua mtandio wake, akauweka juu ya mapaja ya Bimkubwa, akaukunja pembeni vizuri, kama anayefunika chakula.

"Usimwambie mtu," Bimkubwa alinong'ona.

"Nimwambie nini, mama? Jua kali, umetoka jasho."

"Ndiyo. Jasho."

Malkia alikwenda kuchukua vidonge, wakaondoka. Walipofika nyumbani Malkia alizunguka, akafungua, akamshika mkono. Bimkubwa alipoweka mguu chini aligeuka, akalitazama lile gari kama mtu anayemtazama ndugu aliyemwibia.

"Humo sipandi tena," alisema. "Hata mkinifunga kamba. Jeneza lenye vioo hilo."

Na hospitali ilikuwa mbali, na magoti ndiyo hayo, na vidonge vipya vilitaka arudi kupimwa kabla mwezi haujaisha.

*

Habari ilimfikia Shemeji kabla Bimkubwa hajabadilisha nguo, kwa njia zile zile za Mama Redio. Shemeji alikuwa mdogo wake Dereva, muuza vifaa vya ujenzi, mtu wa mashati yaliyopigwa pasi na mawazo ya haraka. Alikuja akasimama ukumbini, hakutaka kukaa.

"Shemeji, gari hilo litatuulia mama."

"Ni swichi tu, shemeji."

"Leo swichi, kesho breki. Nimeshaongea na kaka. Amesema liuzwe."

Malkia alikuwa anapindisha upindo wa sare ya shule. Ushoni ndiyo kazi yake, na cherehani yake ilikaa dirishani kama mtu wa nyumbani. Aliendelea kukanyaga, ila sindano ikatoka nje ya mstari.

"Amesema hivyo? Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake. 'Uzeni.' Na mimi nina mtu wa kununua. Jumatatu anakuja kuliona."

Sasa msomaji anayejua wanaume na magari ataelewa kwa nini Malkia alisimamisha cherehani. Dereva alikuwa mtu wa kuliosha gari kabla ya kujiogesha mwenyewe. Alipokuwa anaondoka, alikumbatia mama yake, akamkumbatia mkewe, kisha akaliwekea gari kiganja juu ya paa, akakaa hivyo kidogo, mpaka Kinyozi akauliza kama nalo linalia. Mtu wa namna ile hasemi "uzeni" kirahisi. Anayetegemea kurudi hauzi usukani wake.

Na mkataba wake ulikuwa unaisha mwisho wa mwaka. Ilibidi aseme kama anaongeza au anarudi. Malkia alilijua hilo, na swali alikuwa nalo mdomoni kama mwiba wa samaki: kulitema hawezi, kulimeza hawezi. Simu zao zilikuwa fupi, zimekauka. Mmeamkaje? Salama. Mama? Salama. Pesa zimefika? Zimefika, ahsante. Haya. Katikati ya "salama" na "haya" hapakuwa na nafasi ya kuingiza hata uzi.

Alingoja Shemeji aondoke, akapiga.

"Umesema liuzwe?"

"Si limemfungia mama?" Nyuma ya sauti yake vyuma vilikuwa vinagongana.

"Limemfungia. Ni ile swichi."

"Basi."

"Basi nini? Ikitengenezwa je?"

"Itatengenezwa na nani? Hao mafundi wa barabarani watakata waya zote, watatia swichi ya gari jingine. Bora liende."

"Nikitengeneza mimi?"

Dereva akacheka. Kicheko hicho Malkia hakuwa amekisikia muda mrefu mpaka alikuwa amekisahau kinavyoanza, kwa kikohozi kidogo, kama gari la asubuhi.

"Wewe, Malkia?"

"Mimi. Cherehani yangu hii ikikwama unadhani inatengenezwa na malaika? Nielekeze tu. Ikikataa, mdogo wako auze. Ikikubali, asiuze."

"Umeamua?"

"Nimeamua."

"Haya. Jumapili sina zamu. Nitakaa karibu na kantini, kuna intaneti ya bure."

"Na ule mkataba..."

"Naitwa, Malkia. Jumapili."

Simu ikakatika. Au ilikatwa. Hayo mawili yana tofauti kubwa, na Malkia alibaki ameishika simu akitafuta ni lipi.

*

Jumapili, kabla Malkia hajatandika hata gunia la kupigia magoti, ua ulishajaa. Mama Redio alikuja kuazima sindano akaleta na kigoda cha kukalia. Majirani wawili wakaja kumtafuta Mama Redio. Shemeji alikuja kuhakikisha gari la mteja wake haliharibiwi zaidi, akaegemea lango mikono kifuani. Bimkubwa aliwekewa kiti mlangoni. Akakigeuza, akakaa akilipa gari mgongo.

"Mimi simo," alisema. "Napunga tu upepo."

Simu ikaita. Malkia akaiweka kwenye kiti cha dereva, sauti ya nje, maana mikono yote miwili ingekuwa na kazi.

"Nani yupo hapo?" Dereva aliuliza. "Nasikia watu."

"Uliza nani hayupo," akasema Mama Redio. "Hujambo, Dereva?"

"Sijambo, mama. Haya, Malkia, anza na betri. Fungua ule waya mweusi, wa hasi, ukae pembeni. Usiguse kitu kabla ya hapo."

Akafungua. Spana ilikuwa pale pale Dereva alipoiacha, chini ya gurudumu la akiba, imefungwa kwenye fulana yake kuukuu. Malkia alichukua spana, na fulana hakuirudisha. Aliining'iniza begani, kana kwamba ni ya kufutia mikono.

"Sasa pale pa kushikia mlango, ndani ya kishimo, kuna kifuniko kidogo kama kifungo cha shati. Kibanjue kwa kucha. Umekiona?"

"Nimekiona. Kuna skrubu ndani."

"Itoe. Tumia bisibisi ya cherehani, ile nyembamba, ya gari ni nene."

Skrubu ilitoka, ikacheza kwenye ncha ya bisibisi, ikaruka, ikapotelea chini ya kiti. Shemeji akaguna. Mguno wake ule ulikuwa na bei ndani yake.

"Imeanguka," Malkia alisema.

"Usihangaike. Ile sumaku yako ya kuokotea pini si ipo?"

"Ipo."

"Bado iko ndani ya kopo la biskuti, pamoja na chaki?"

Malkia aligeukia dirishani. Kopo lilikuwa chini ya cherehani, limepata kutu kwenye mdomo, na chaki ilikuwa imebaki kipande. Kwa miezi yote hii alidhani mumewe huko aliko anajua habari moja tu ya nyumbani, kwamba pesa zimefika.

"Bado," alisema.

Sumaku ikaivua skrubu. Kisha ikaja kazi ya kubanjua kile kibao chenye swichi, na Dereva akasema asitumie chuma, kitakwangua, atumie rula yake ya plastiki ya kukatia nguo, aanzie nyuma, asikilize. "Kitalia kama mfupa wa kuku. Usiogope." Kikalia kama mfupa wa kuku. Majirani wakasema "Yesu!" na "Mungu wangu!" kila mmoja kwa dini yake. Chini yake zikaonekana waya nyingi zimefungwa pamoja, na plagi moja ya kubonyeza kwa kidole gumba. Na kati ya hatua na hatua, maneno mengine yakaanza kupita, yale ambayo hayapiti kwenye simu za salama na haya: kama bomba la uani bado linadondoka, kama Malkia bado analala upande wa ukutani, kama ile sauti ni ya jogoo wa jirani au ni Kinyozi.

"Wewe, Dereva!" Mama Redio hakuweza kuvumilia tena. "Unarudi lini? Mwenzio anakonda huku!"

Bisibisi ikasimama. Swali lile Malkia alikuwa amelibeba kwa kulifunikafunika, na huyu amelimwaga uani kama maji ya kufulia.

"Tunaangalia, mama," sauti ikasema.

"Mnaangalia nini, na nani?"

"Mwambieni, mtoto haletwi kwa simu," Bimkubwa alisema, bila kugeuka.

Ua mzima ukacheka, hata Shemeji. Malkia pia alicheka, huku akiinama chini zaidi kuliko kazi ilivyotaka. Tunaangalia. Neno la mtu wa ofisini. Neno la kumwambia fundi anayedai.

Labda Dereva naye alilisikia neno lake, akataka kulifunika, maana aliongea haraka. "Umeishika swichi? Basi ndiyo hiyo. Ndiyo iliyonizungusha miaka yote."

"Kukuzungusha wapi?" Mama Redio akadaka.

"Kuzunguka gari. Kumfungulia mwenzangu. Mlango wake ulikuwa hau..."

Akajikatiza. Alikuwa amechelewa.

"Haufunguki kwa ndani?" Mama Redio alisimama kutoka kwenye kigoda chake, polepole. "Kumbe! Kumbe ni swichi! Jamani mnasikia? Mimi nimemnunia Kinyozi, nimemlaza sebuleni, nimemsimanga kwa baiskeli yake, kwa ajili ya swichi mbovu!"

"Malkia wa swichi!" jirani mmoja akasema, na mwenzake akalia kwa kicheko, akajipiga mapaja.

"Na vile alivyokuwa anashuka! Mguu huu, halafu mguu huu!" Mama Redio akaigiza, nyonga na yote. "Maskini ya Mungu, kumbe mfungwa anatolewa!"

Masikio ya Malkia yaliwaka. Hakuwa na pa kuficha uso isipokuwa ndani ya kazi, akauficha humo. Alitoa skrubu ndogo za swichi moja baada ya nyingine, akazibandika kwenye sumaku, akaifungua kama anavyofungua mtu ganda la njugu. Ndani mlikuwa na vipande vya shaba vidogo kuliko kucha ya mtoto. Upande wa kufungia uling'aa. Upande wa kufungulia ulikuwa umefunikwa na kitu cheusi, kimeganda, kinanata.

"Ni uchafu tu huu," alisema, sauti imepungua. "Naweka mafuta ya cherehani?"

"Hapana! Mafuta yatakusanya vumbi. Chukua ile spiriti ya kwenye kabati la mama, na kifutio cha penseli. Sugua taratibu mpaka shaba ionekane. Hiyo chai imekaa miaka, haitoki mara moja."

Malkia alikuwa amekwisha nyoosha mkono kupokea spiriti iliyoletwa na jirani mmoja. Mkono ukabaki hewani.

"Chai gani?"

Ng'ambo Dereva alisafisha koo.

"Umejuaje kwamba ni chai?"

"Si ile... Tulipokuwa tunarudi kwenye harusi ya dada yako. Kikombe kilimwagika."

"Kikombe nakikumbuka. Nauliza umejuaje kwamba iliingia humu."

"Nilishaifungua."

"Lini?"

"Zamani. Mwezi ule walioanza kukuita Malkia."

"Ukaona nini?"

"Nikaona chai."

"Ukafanya nini?"

Waliokuwa wanacheka walikuwa wameacha. Mama Redio alikuwa bado amesimama, mguu mmoja mbele, katikati ya maigizo yake.

"Nikarudisha skrubu zote," alisema Dereva. "Nikafunga."

Jogoo wa jirani aliwika. Mama Redio alirudisha ule mguu nyuma, akakiinamia kigoda chake, akakibeba kwapani. Sindano aliyokuja kuazima hakuichukua.

"Ngoja nikamwangalie huyo mwenye baiskeli," alisema, kwa sauti ambayo mtaa haukuwa unaijua, ya chini. Wale majirani wawili wakamfuata, mmoja akijipangusa jicho kwa upindo wa gauni na kusingizia spiriti.

*

Kusugua kulichukua muda, na muda huo hawakuongea sana, ila simu haikukatwa. Alimsikia mumewe akinywa kitu. Alimsikia mtu akimsalimia, naye akajibu kwa lugha ya huko. Shaba ikaanza kuonekana, kwanza nukta, halafu mstari. Malkia aliipuliza, akaikausha kwa fulana iliyokuwa begani, akarudisha vipande, skrubu, plagi. Kibao alikiacha wazi, kwanza ajaribu. Akaenda kwenye boneti akaurudisha ule waya mweusi.

Alikaa kwenye kiti cha dereva, akaipakata simu, akabonyeza upande wa kufunga. Kacha. Vijiti vikashuka.

Akabonyeza upande wa pili.

Kacha. Vijiti vyote vikanyanyuka kwa pamoja, kama watoto wa shule mwalimu anapoingia. Na upande wa abiria, kule ambako hakukuwa na kijiti, kilisikika chuma kikiachia ndani ya mlango.

"Imekubali?" aliuliza Dereva.

Malkia aliitazama simu. Alijua kitakachofuata. Atasema imekubali. Dereva atasema hongera. Atasema haya, msalimie mama. Gari litabaki, ahadi ni ahadi, na wao watarudi kwenye salama zao, mpaka siku moja atasikia kwa Shemeji kwamba mkataba umeongezwa.

"Bado," alisema.

Shemeji, aliyekuwa amesogea karibu na kiti cha mama yake na kuviona vijiti kwa macho yake mawili, alifungua mdomo. Hakuwahi. Fimbo ya kutembelea ya Bimkubwa ilimpata kwenye goti.

"Mama! Nini sasa?"

"Nzi," alisema Bimkubwa.

Mwanamke yule hakuwa amelipa gari mgongo tena. Kiti alikigeuza saa ngapi hakuna aliyejua. Aliinuka, akajikongoja mpaka upande wa abiria, akafungua mlango mwenyewe, akaingia, akajikalisha mahali pake pa zamani. Kisha akauvuta mlango, akaufunga. Malkia aliona mkono wake ulivyoshika ukingo wa kiti. Akaugusa ule mkono. Bimkubwa akausogeza uso wake karibu na simu.

"Mwanangu."

"Naam, mama."

"Bado kabisa. Na kioo cha upande wangu pia hakishuki."

Dereva alisikiliza. Huyu alikuwa mtu wa kutambua gari kwa mlio likiwa bado kona ya tatu. Kazini kwake, walisema wenzake, alijua kontena lililo tupu kwa jinsi lilivyogusa chini.

"Nimesikia," alisema.

"Umesikia nini?" Malkia aliuliza.

"Nimesikia kwamba bado." Kile kikohozi cha kicheko kikaanza, kikaishia njiani. "Basi usikifunge hicho kibao. Kesho nikitoka zamu nitapiga, tuendelee. Na keshokutwa."

"Na mtu wa Shemeji?"

"Shemeji yako yupo hapo? Mwambie mtu wake asije. Gari liko mezani kwa fundi, linauzwaje?"

Shemeji alijisugua goti, akaangalia mama yake, akaangalia fimbo. "Haya, kaka," alisema.

"Na kioo?" Bimkubwa hakuwa mtu wa kuachia.

"Kioo msikiguse, mama. Humo ndani kuna waya wa kuvutia, ukikosea unakata mtu vidole. Hicho ni cha kufanywa na mtu aliyepo."

"Tukiache mpaka lini?" aliuliza Malkia.

Aliliuliza hivyo tu, kuhusu kioo, na wote watatu garini na simuni walijua alichouliza. Kule ng'ambo kiti kilisogezwa. Mtu alimwita Dereva, naye hakuitika. Aliitwa tena.

"Mkataba unaisha Desemba," alisema. "Kama mtaweza kuvumilia joto mpaka hapo. Sitaongeza."

Bimkubwa akafumba macho, akaegemeza kichwa. Malkia alitafuta "ahsante", akaona ni la pesa. Alitafuta "haya", akaona hilo ndilo asilolitaka. Basi akafungua mlango wake, akashuka na simu na ufunguo mkononi, akaanza kutembea mbele ya gari, kiganja kinafuta vumbi la boneti.

Vibarazani ng'ambo ya barabara Mama Redio alikuwa amekaa na Kinyozi, na kati yao palikuwa na baiskeli. Wakaacha walichokuwa wanasema.

"Mbona kimya?" Dereva aliuliza. "Unafanya nini?"

"Nazunguka," alisema Malkia, akachomeka ufunguo kwenye mlango ambao haukuwa umefungwa.